Hiyo Ilikuwa Salamu

Shemeji alifika kwa miguu, jasho limemlowesha mpaka kola, na kabla hajakaa akauliza, "Vipi shem, mashine inafanya kazi?"

"Safi kabisa," dobi akajibu.

Hapohapo, hata neno safi halijapoa mdomoni, mguu wa kushoto ukawaka kuanzia tako mpaka kidole kikubwa, kama vile mtu kausahau chini ya pasi akaenda zake kupiga soga nje. Dobi akatabasamu. Akatabasamu kwa meno yote, maana shemeji alikuwa anamkodolea macho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Yaani hata ule moto wa mguu?"

"Moto gani? Huo ulishazimwa."

Shemeji akacheka, akajipiga paja, akaomba maji. Bilauri ya kwanza aliimaliza bila kupumua, ya pili akainywa taratibu huku anajipepea na kofia. Zamani huyu bwana hakuwa akija hapa kwa miguu. Zamani ulikuwa unamsikia tangu kona ya mwisho ya mtaa, na pikipiki yake nyekundu inayokohoa kama mvuta sigara. Aliiuza. Aliiuza mwenyewe bila kuombwa na mtu, siku daktari aliposema kuna kidude cha kupandikiza mgongoni, kinatuma umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu, kinaweza kuyafunika maumivu ambayo dawa zote zimeyashindwa, na familia nzima ikabaki inatazamana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitaja ile pikipiki. Wala haikuhitaji kutajwa. Kila shemeji akiingia na viatu vyake vya vumbi, pikipiki nayo inaingia, inaegeshwa katikati ya chumba.

Na chumba chenyewe hicho kina nafasi gani? Cha mbele ndiyo duka: meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, rafu za nguo zilizokunjwa, kamba ya mashati yanayoning'inia kwenye henga. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba. Siku hizi dobi alikuwa amelazwa katikati, kwenye godoro, nusu dukani nusu nyumbani, ili mkewe akiwa anapiga pasi amwone.

"Mwenzio anachajiwa kama simu," mkewe akamwambia kaka yake bila kuinua macho kwenye shati. "Kila jioni anavaa mkanda wake, anachomekwa ukutani. Nikimsemesha ananiambia subiri nijae."

"Na umeme wa mtaa ukikatika?"

"Mimi gizani, yeye anao. Sasa nani mwenye nyumba hapo?"

Wakacheka wote, dobi naye akacheka, ila cheko la kupimiwa, maana kucheka kunavuta kidonda. Alikuwa na vidonda viwili. Kimoja katikati ya mgongo, walipopenyeza nyaya. Cha pili juu ya tako, walipoizika betri yenyewe, kidude cha ukubwa wa kiberiti.

Ndipo shemeji akaona pakiti ya vidonge pembeni ya godoro. Akaiokota, akaigeuzageuza.

"Na hivi vya nini?"

"Vya maumivu."

"Maumivu gani tena, shem? Mtu una umeme mwilini halafu unameza vidonge? Si sawa na kununua jiko halafu unakwenda kula kwa jirani!"

Alikuwa anatania. Kila mtu alijua anatania. Mke alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni. Lakini lile neno lilimwingia dobi, likakaa. Toka siku ile, mkewe akimpa vidonge na maji, anakunywa maji. Vidonge anavibana kwenye kiganja, na mkewe akigeuka vinaingia mfukoni.

*

Tatizo, yeye mwenyewe hakujua anaumwa nini.

Zamani maumivu yake yalikuwa mamoja na aliyajua vizuri, kama mtu anavyomjua mpangaji mkorofi. Moto, mguu wa kushoto, saa zote. Sasa mashine imewekwa, na mwilini kumekuwa kama sokoni. Kuna huo mtetemo wa mashine wenyewe, kama sisimizi waliovaa soksi wanatembea pajani. Chini yake, ukisikiliza vizuri, moto wa zamani bado upo, unanong'ona. Kisha kidonda cha mgongoni kinavuta. Kisha cha takoni kinadunda. Akilala chali sisimizi wanakuwa jeshi, akisimama wanaondoka nusu. Akiongeza nguvu kwenye rimoti ya mashine, kuna mahali panatulia na kuna mahali panashtuka. Sasa hapo ugonjwa ni upi na dawa ni ipi? Angeulizwa mahakamani asingeweza kushuhudia.

Hospitali walimwelezea, hilo hakatai. Siku ya kuruhusiwa daktari alikaa pembeni ya kitanda akasema mambo mengi, na kwa kila jambo dobi alijibu, "Sawa, daktari." Alisema sawa nyingi kweli siku ile. Kilichomkaa kichwani ni kimoja tu: usiiname, usijipinde, usinyanyue kizito, usipandishe mikono juu ya mabega. "Nyaya bado hazijashika," daktari alisema. "Zikihama, itabidi tukufungue tena."

Hilo alilielewa vizuri sana. Katika ukoo mzima hakukuwa na pikipiki ya pili.

Kwa hiyo watu wakimwuliza anajibu. Jirani akichungulia mlangoni: "Unaendeleaje?" "Vizuri tu." Mteja akija kuchukua suruali: "Umeshapona, dobi?" "Namshukuru Mungu." Mkewe asubuhi, kabla hata hajafungua dirisha: "Umeamkaje?" "Salama." Majibu yalikuwa yanatoka yenyewe, kama mate. Na cha ajabu, akishajibu, kwa dakika chache anaamini. Halafu mguu unamkumbusha.

*

Kliniki walikwenda yeye na mkewe. Aliyewapokea hakuwa daktari, alikuwa dada mmoja wa miwani, ndiye mwenye kazi ya kupanga mashine. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta ndogo, anabonyeza, na mguu wa mtu mzima ulioko upande wa pili wa meza unatetemeka. Dobi alikuwa anamwogopa kidogo.

"Karibu, mzee. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri."

"Vizuri sana. Sasa nipe namba. Sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni yale yasiyovumilika. Uko ngapi?"

Dobi akaduwaa. Namba ya wapi? Ya mguu, ya kidonda, ya sasa hivi amekaa, au ya jana alipokuwa anainuka godoroni akauma shuka? Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo imebana, anaomba kimoyomoyo. Akamtazama yule dada, amechoka, nje kuna foleni ya watu kama ya maji, na mashine yote hii wamehangaika kumwekea. Halafu mtu aje aseme nane? Si kama umekaribishwa chakula ukasema hakina chumvi?

"Mbili," akasema.

"Mbili!" Yule dada akavua miwani. "Wengi wanaokuja hapa wananiambia sita. Hongera sana, mzee. Basi nakuacha hapohapo, siongezi kitu."

Mkewe akashusha pumzi mpaka karatasi mezani zikapepea. "Sasa kazini anaweza kurudi?"

"Kazi gani?"

"Kupiga pasi."

"Asimame kidogo, apumzike kidogo, haina neno. Ila kuinama, kujipinda na mikono juu, bado kabisa. Na vidonge anameza kwa saa zake?"

"Anameza," mke akasema, tena kwa fahari. "Nampa mimi mwenyewe."

Dobi akaangalia dari.

Hata geti hawajatoka, mkewe alikuwa kwenye simu na Mama Gesti. Huyu ndiye mteja anayeshikilia nyumba yao. Ana nyumba ya wageni mtaa wa juu, mashuka meupe, mito, taulo, kila siku. Tangu dobi alazwe, mke amekuwa akijitahidi na mama mmoja wa kibarua, lakini mashuka yanarudi na mikunjo, na Mama Gesti alishaanza kusema anamwona dobi mwingine. "Amepona, mama," mke alikuwa anasema kwenye simu, sauti imepanda kama ya mtu aliyejifungua. "Mbili! Wenzake wana sita! Leta mashuka yote." Halafu akampigia yule mama wa kibarua, akamshukuru sana, akamwambia asije kesho.

Dobi alitaka kusema kitu. Alifungua mdomo kabisa.

"Eh?" mkewe akamgeukia, macho yanang'aa.

"Hakuna. Jua kali."

*

Mwanzo kazi ilikuwa tamu, tusidanganyane. Dobi aliishika pasi, akalowesha kidole kwa ulimi, akagusa chini yake, tsss, akajua moto wake uko wapi bila kutazama kitufe. Mikono ilifurahi. Shuka lilinyooka mbele yake jeupe kama maziwa, na kwa mashuka mawili matatu alijisahau. Mguu ulipoanza kupandisha, akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza pale pa kuongeza. Sisimizi wakaja mbio. Akaendelea. Ukapandisha tena, akabonyeza tena.

Shida haikuwa pasi. Shida ilikuwa kukunja.

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, kila mmoja na pembe mbili, wanarudi kinyumenyume mpaka litanuke, halafu kwa pamoja wanalirusha juu, mikono juu ya vichwa, hewa iingie, lishuke bila mkunjo. Wanavuta. Wanakutana katikati, mmoja anampa mwenzake pembe zake. Dobi na mkewe wamekunja hivyo tangu walipooana. Wakiwa wamenuniana wanakunja, na pale katikati vidole vinagusana, ugomvi unaanza kuisha wenyewe.

Mama Gesti alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, anasubiri mzigo. Mke akachukua shuka la kwanza, akampa mumewe pembe mbili kwa mazoea. Dobi akazipokea kwa mazoea. Hakuna aliyefikiri. Juu, chini, vuta, kutana. La pili likaenda. Katika la tatu mikono ilipofika juu kabisa, kitu kikateleza.

Hakikuuma, hicho ndicho kilichomchanganya. Kiliteleza tu, kama kamba ya bukta. Sisimizi wote wakatoka mguuni, wakahamia kifuani, wakamzunguka mbavu kama mkanda wa kubana. Na mguu ukabaki wazi, hauna kifuniko, na ule moto wa zamani ukajitokeza wote.

Vidole vikafunguka. Shuka likaenda chini, na chini palikuwa na beseni la maji ya sabuni, yakamrukia suruali na kumwagika sakafuni.

"Baba! Umeachia?"

"Nzuri," dobi akasema.

Mama Gesti akaingia hatua moja ndani.

"Ati nini?" Mama Gesti akauliza.

"Nzuri tu," dobi akasema tena, mkono mmoja umeshika mbavu, mwingine umeshika meza, uso umemlowa kama wa mtu aliyetoka mvuani. "Namshukuru Mungu."

Mkewe akawa anamtazama, pembe mbili za shuka bado ziko mikononi mwake.

"Nani amekusalimia?" akauliza polepole.

Mama Gesti akaangalia shuka lake lililolala kwenye tope la sabuni, akamwangalia dobi, akamwangalia mke. "Mimi niliambiwa fundi amepona," akasema. "Sasa huyu ndiye aliyepona, ambaye hajapona yukoje?" Akachukua yaliyokwisha kukunjwa, akayapakata. Mlangoni akageuka. "Hayo mengine nitatuma mtu aje ayafuate. Sitaki kuua mtu kwa ajili ya mito."

*

Mke alimsaidia kulala, akamvua suruali iliyolowa maji ya sabuni, akaenda nayo uani, akaanza kufua. Alifua kwa hasira, unaisikia kabisa, nguo inapiga kwenye beseni kama mtu anachapwa.

Halafu kelele zikakatika.

Dobi akiwa godoroni aliusikia ule ukimya, akajua. Akili yake ilikwenda moja kwa moja mfukoni. Yeye, dobi, mtu ambaye kazi yake yote ya maisha inaanza na kukagua mifuko! Amewahi kutoa humo pete za ndoa, meno ya bandia, picha za wanawake ambao si wake wa wenye suruali. Mifuko ya mtaa mzima anaikagua. Wa kwake kausahau.

Mkewe akaingia na mkono umejaa uji mweupe. Vidonge, vimeyeyuka nusu, vingine bado vina umbo.

"Hivi ni nini?"

"Ni..."

"Usiniambie vizuri. Ukiniambia vizuri nakupiga na hili beseni, na hizo nyaya zako zitaenda zinakojua."

Mkewe akakaa chini, hapohapo sakafuni, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Nimekwenda kwa yule dada nikasema anameza, nampa mimi mwenyewe. Nimemwambia Mama Gesti amepona. Nimemfukuza mama wa watu kibarua. Kwa maneno ya nani? Yako! Kila siku nakuuliza."

"Unaniuliza umeamkaje."

"Sasa nikuulizeje? Kwa barua?"

"Nikimeza," dobi akasema, "maana yake mashine haifanyi kazi."

"Nani kasema?"

"Jiko, halafu unakwenda kula kwa jirani."

Mkewe akakumbuka. Akaweka mkono mdomoni, na uji wa vidonge ukampaka kidevu.

"Kaka alikuwa anatania."

"Alikuja kwa miguu," dobi akasema. "Anatoka kule kwake mpaka hapa, kwa miguu, mama. Anafika viatu vimebadilika rangi, ananiuliza inafanya kazi? Sasa ungekuwa wewe ungesema nini?"

Mke akajifuta kidevu kwa upindo wa gauni. Akasogea, akamwekea mkono kwenye paja, taratibu kama mtu anayegusa nguo asiyojua kama imekauka.

"Haya. Inauma wapi?"

Dobi akafikiri. Akafikiri kweli, amefumba macho, kama mtu anatafuta ufunguo ndani ya nyumba ya watu. Mbavu zilikuwa zinatetemeka. Mguu unawaka. Mgongo unavuta. Lakini kipi kilikuwa kinauma, na kipi kilikuwa kinamtisha tu?

"Sijui," akasema. "Wallahi mke wangu, sijui. Sijui hata kama inauma."

*

Safari hii shemeji alikwenda nao. Hakuna aliyemwita, alisikia tu akaja, na chumba cha yule dada wa miwani kikawa kidogo ghafla. Picha ya mgongo ilikuwa imeshapigwa, iko kwenye kioo, mifupa imepangana kama vitufe vya shati.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri," dobi akasema.

"Hiyo ilikuwa salamu," mkewe akadakia. "Salamu imeisha, dada. Sasa muulize."

Yule dada akamtazama mke, akamtazama mume, akavua miwani, akaivaa tena. Kuna kitu kilimwingia.

"Ile mbili ya siku ile," akasema, "ilikuwa salamu pia?"

Dobi akainamisha kichwa. Hilo la kuinamisha kichwa peke yake aliruhusiwa.

Mke akaeleza yote, mashuka, mikono juu, vidonge mfukoni. Dada akasikiliza bila kubonyeza kitu. Mke alipofikia vidonge, dada akaguna.

"Mzee, mashine inajua mguu tu. Kisu haikijui. Wewe umechanwa mara mbili, nyama inaziba, lazima iume, na dawa yake ni hivyo vidonge na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ukimeza hujaitukana mashine. Vinakwenda pamoja mpaka vidonda vifunge."

"Na waya?" shemeji akauliza kutoka pembeni. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote.

Dada akaonyesha kwenye picha kwa kalamu. Mmoja ulikuwa umeshuka. Kidogo, upana wa ukucha, lakini umeshuka. "Waya una sehemu nyingi za kutolea umeme, kama mabomba kwenye mstari mmoja. Bomba hili likiwa limehama, nafungua la juu yake. Tujaribu. Ukiniambia ukweli naweza kulipata. Usiponiambia, kitakachobaki ni kisu."

Akaanza kubonyeza. "Mtetemo uko wapi?"

"Mbavuni."

"Sasa?"

"Tumboni. Kulia."

"Na sasa?"

"Vizuri," dobi akasema.

"Vizuri si mahali, mzee."

Shemeji alicheka, akajizuia. Dobi akafumba macho, akatafuta. "Nyonga. Kushoto. Unashuka. Umefika goti. Ngoja... umesimama gotini, haushuki."

"Na sasa?"

"Unyayo! Nusu. Nusu ya unyayo, huku kwa nje."

Dada akaacha kubonyeza. "Na moto, namba ngapi?"

Dobi akahangaika. Hiyo namba tena. Mkewe alimwona, akasogeza kiti.

"Dada, namba hazijui huyu. Kila kitu kwake mbili. Mwache nimwulize mimi." Akamgeukia. "Baba, ingekuwa pasi, ungeiweka wapi? Nailoni, hariri, sufu, au pamba?"

"Nilipoingia, pamba," dobi akajibu hapohapo, hakufikiri hata kidogo. "Pamba mpaka mwisho, ya kuunguza. Sasa hivi..." Akainua kidole, akakigusisha hewani kama kuna pasi mbele yake. "Sufu. Sufu ya chini."

"Basi hapo," dada akasema. "Kutoka pamba hadi sufu, hapo ndipo mashine inapokwenda. Tuliwaambia tangu mwanzo. Maumivu yakipungua nusu, sisi tunasema imefanya kazi. Yote hayaondoki."

Nusu. Dobi akakumbuka, kwa mbali kabisa, daktari amekaa pembeni ya kitanda, anasema nusu, na yeye anajibu sawa, daktari. Kumbe muda wote ule alikuwa anajilaumu kwa ile nusu nyingine.

Wote watatu walikuwa wanaitazama pikipiki nyekundu iliyoegeshwa katikati ya chumba cha kliniki.

"Shemeji," dobi akasema, "ile pikipiki..."

"Achana nayo."

"Hapana, ngoja niseme. Uliuza kitu kizima, umepata nusu."

Shemeji akavua kofia, akaichunguza ndani kama kuna jibu limeandikwa humo. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuuliza, shem? Kwangu ni mbali. Ukiniambia safi, narudi napiga mluzi, njia inakuwa fupi. Ndiyo nilikuwa nafuata hiyo."

"Sasa nikikuambia sufu?"

"Nitarudi hivyohivyo." Akaivaa kofia. "Nitapumzika njiani."

Dada akawaambia warudi baada ya muda, apigwe picha tena, ionekane kama waya umetulia. Na usipotulia? Usipotulia tutaona. Hilo ndilo walilopewa, tutaona, wakalibeba wakaenda nalo nyumbani.

*

Yule mama wa kibarua alirudi kufua, baada ya kuombwa msamaha mara mbili na kubembelezwa mara ya tatu. Mama Gesti alirudisha kazi ya mito na taulo. Mashuka akasema ataangalia kwanza. Mke amepigilia ndoano mbili ukutani, shuka la mteja mwingine analitundika pembe mbili huko, anarudi kinyumenyume peke yake, analirusha. Linatoka na mikunjo miwili mitatu. Dobi anaiona kutoka kwenye kiti chake, inamuuma kuliko mguu, ananyamaza. Kazi yake siku hizi ni leso, kola na mifuko. Anapiga pasi kidogo, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, anakaa. Vidonge anameza mdomo wazi, mkewe anamwambia inua ulimi kama mtoto, anainua.

Asubuhi moja mwalimu mmoja alikuwa anapita kwenda shule, akapunga mkono kutoka barabarani.

"Dobi! Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu!" dobi akaitikia kwa sauti ya kujaza mtaa. "Vizuri kabisa!"

Mwalimu akapita. Mke alikuwa amesimama katikati ya chumba, shuka limetanuka mbele yake mpaka kwenye ndoano. Hakulirusha. Alisubiri tu, pembe mkononi.

Dobi akafumba macho, akatafuta. Akaanzia mgongoni, akashuka nyonga, akapita goti. Alikosea njia, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Hariri," akasema. "Hapana. Ngoja."

Mke akangoja.

"Pamba," dobi akasema, kwa sauti ndogo ya ndani ya nyumba.

Mkewe akaziachia pembe, shuka likashuka ukutani lenyewe, akaenda kuleta maji na vidonge.